Balozi na Orodha ya Vyandarua

Katika kitongoji chetu, upande wa Bweni, mtu hakuhesabika kuwa anaishi mahali mpaka Balozi aseme anaishi. Ungeweza kulala katika nyumba mwaka mzima, ukaugua humo na kupona humo, lakini Balozi akikuita mgeni, basi wewe ni mgeni. Alipewa nyumba kumi za kuangalia, kama mabalozi wote. Nyumba zikazaa nyumba, zikafika ishirini na kitu, naye hakuomba apunguziwe hata moja.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake naziacha. Wapo wanaozijua kuliko mimi, na wapo wanaozitunga. Mimi namweleza yule niliyemwona kwa macho yangu kwa miaka zaidi ya kumi, kwa sababu uliwahi kufika wakati nyumba ya dada yangu ilining'inia kwenye ulimi wa mwanamke yule peke yake, na mpaka leo sijaacha kushangaa jinsi alivyoutumia.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Dada yangu aliachana na mumewe. Talaka ikatoka, eda ikaisha, yakabaki mambo ya nyumba na watoto watatu. Shemeji alikuwa amekwisha kuhamia Kilindoni kwa mke mwingine. Wakakubaliana kwa maandishi mbele ya baraza la kata: dada atakaa katika nyumba ile na watoto mpaka wakue, ila akikaa na mwanamume mwingine humo ndani, haki yake imekwisha, anatoka, na nyumba inarudi kwa shemeji. Dada alitia sahihi bila kusoma mara mbili. Alikuwa amechoka na wanaume, alisema, na angetia sahihi hata kama wangeandika asifuge jogoo.

Kwa hiyo swali la nani anakaa na nani, ambalo kwa watu wengine ni umbea wa kupitishia mchana, kwetu sisi lilikuwa swali la paa na kuta. Na mwenye majibu ya maswali ya namna hiyo alikuwa Balozi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyokosa mkono mmoja. Upande uliokosa aliufunga kwa uzi wa nyavu nyuma ya sikio. Kalamu aliichomeka kwenye kilemba. Kazi yake ya kumlisha ilikuwa kupiga makumbi na kusokota kamba, na viganja vyake vilikwaruza ukipeana naye mkono. Daftari la wakazi alilitia kwenye kikapu cha ukili pamoja na kamba zake, hivyo kurasa zilinuka makumbi yaliyooza, na maofisa wa kata walipolifungua walirudisha shingo nyuma kidogo.

Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba. Hakuingia ndani ya nyumba ya mtu, hata kama amekaribishwa kwa kiapo. Alikaa kibarazani, akaomba maji ya kunywa. Mimi ni mtu wa kuuliza, nilizaliwa hivyo na mama alinipiga bure. Siku moja nilimfuata tangu nyumba ya kwanza, nikamwona akinywa maji mara tano kabla jua halijawa kali.

"Balozi," nikamwambia, "una kiu gani wewe?"

"Maji hayaji yenyewe, mwanangu. Yanaletwa na mtu. Namtazama anayeyaleta."

Akanieleza, kwa upole wa mwalimu ambaye amengoja siku nyingi kuulizwa, kwamba mgeni akitumwa maji huuliza kikombe kiko wapi. Aliyezoea kidogo haulizi, lakini huchukua kikombe kizuri cha wageni. Mwenye nyumba huchukua kile chenye ufa, kisha hukumbuka, hurudi kukibadilisha. Nilicheka sana. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikamtuma mume wangu maji, akaniuliza kikombe kiko wapi, na tulikuwa na miaka minne ya ndoa.

Alichukia neno "nimesikia". Ukimwambia Balozi umesikia fulani anaingiza mwanamume, alikuuliza, "Umesikia kwa sikio la nani?" Ukalitaja hilo sikio, akakutuma ukamlete mwenyewe. Watu wengi waliishia njiani. Lakini tusidanganyane, habari alizipenda. Nimemwona mara nyingi akiwafukuza wambea uani kwake, kisha akatoka kuwasindikiza taratibu mpaka njia panda, wakiongea, akirudi amechangamka.

Watu walimjia kutoka mbali. Bwana mmoja alivuka kutoka kisiwa cha Bwejuu, akateremka na mfuko, na ndani ya mfuko mna kandambili za kiume. Mtalaka wake alikuwa amehamia kwetu kwa ndugu zake, naye alitaka barua ya kuthibitisha kwamba mwanamke yule anaishi na mtu, ili amchukue mtoto. Kandambili alizikuta mlangoni kwa mwanamke alfajiri moja, safari iliyotangulia, akaziokota kuwa ushahidi.

Balozi akamwambia, "Hebu zivae."

Yule bwana akazivaa. Zikamkaa sawasawa.

"Basi zinaweza kuwa zako," Balozi akasema. "Na kama si zako, kuna Muislamu anatembea peku kwa sababu yako. Zirudishe."

Zilikuwa za mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuja kusomesha watoto. Bwana wa Bwejuu akaondoka bila barua. Kabla hajaondoka alitaka kujua, kama kandambili si ushahidi, ushahidi ni upi. Balozi akamjibu maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi: "Kulala si kukaa. Mtu anakaa pale ambapo akiugua hapelekwi kwao."

Kesi iliyomtia jina ilikuwa ya mvuvi mmoja aliyedai kwamba hakumwacha mkewe, kwamba miaka yote ile alikuwa akirudi nyumbani kila bamvua, maji makuu yanapojaa, na jirani anayesema mwanamke yule yuko peke yake ni mwongo. Baraza likamwita Balozi. Hakutoa daftari. Alimuuliza yule bwana swali moja: "Nyumba yenu inavuja wapi?" Bwana akafikiri, akasema inavuja juu ya kitanda. Mwanamke akaangua kicheko, kwa sababu chumba cha kulala kiliezekwa bati mwaka juzi, na kinachovuja ni jiko. Tangu siku ile kila aliyekuwa na shaka na mwenzake alitaka jaribio la paa, na watoto walilifanya mchezo.

Mtu wa namna hiyo, mkali wa ukweli mpaka kwenye vikombe, ndiye aliyeandika ile orodha.

Walikuja watu wa afya wakasema vyandarua vitagawiwa kwa kila kaya kulingana na idadi ya watu wanaolala humo, chandarua kimoja kwa watu wawili, na mabalozi waandikishe majina. Neno likaenea kabla hawajamaliza kulisema. Ghafla kitongoji chetu kikajaa watu. Vijana waliokwenda Dar es Salaam wakarudi kwenye karatasi. Waliokufa wakafufuka. Na Balozi, aliyemrudisha mtu Bwejuu kwa sababu ya kandambili, akaketi kibaraza kwa kibaraza akaandika kila jina alilotajiwa, bila swali, bila kunyanyua kichwa.

Sikuvumilia. Nilimwambia, "Balozi, huyo babu mbona tulimzika?"

"Mbu anajua tulimzika?" akaniuliza, akaendelea kuandika.

Baadaye mama alinieleza kwamba Balozi alizika watoto wawili kwa homa, mwaka mmoja, kabla mimi sijapata akili. Nikaona haya kwa swali langu. Vyandarua vikaja vingi. Tulivitundika, na vilivyobaki vikafunika mwani juani usiliwe na mbuzi, na hakuna aliyeona dhambi.

Orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa zahanati ili watu wajue zamu zao, na hapo ndipo yalipotukuta. Shemeji alikuja kutoka Kilindoni kumwona mama yake. Akapita zahanati. Akasoma kaya ya dada: dada mwenyewe, watoto watatu, na jina la tano, la mwanamume mtu mzima. Akalipiga picha kwa simu yake.

Jina lile tulilijua. Lilikuwa la fundi mmoja mtu wa Kilwa, aliyekuja na wavuvi wa dago wanaopiga kambi Shungimbili. Alitengeneza mashine za boti. Alikuwa mkimya, mwenye mikono myeusi kwa mafuta, na alikula kwa dada, kwa sababu dada alikuwa akiwapikia wavuvi wanaokuja kijijini kutafuta maji na unga. Vifaa vyake aliviweka kwenye banda la dada la kuwekea mwani. Wavuvi wengine walirudi kambini, yeye alikuwa na kazi nchi kavu. Mtu alikuwa na neno? Maneno yalikuwepo, kama kawaida ya watu. Nilimuuliza dada ana kwa ana, tukiwa pwani tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Akasema fundi analala banda la wavuvi. Nikaamini. Ni dada yangu, kwa nini nisimwamini?

Shemeji akafungua shauri. Alitaka nyumba.

Siku ya baraza tulijaa mpaka nje. Wazee watano mezani, katikati mwenyekiti wao, mtu mzima mwenye kikohozi cha heshima. Shemeji alijipanga vizuri. Alisema ameona shati la kiume kwenye kamba ya kuanikia. Alisema spana na mapipa ya mafuta yako uani. Kisha akatoa picha ya orodha, akaipitisha mezani, na wazee wakaitazama mmoja mmoja wakiirefusha mbali na macho.

"Mwandiko wa Balozi huo," shemeji akasema. "Mwandiko ambao nyinyi wenyewe mmekuwa mkiutegemea miaka yote. Kalamu ile haisemi uongo, sisemi mimi, mnasema nyinyi."

Dada akaulizwa. Akasimama, akatazama chini, akasema alitaja jina la mgeni ili apate chandarua cha kufunikia mwani. Watu wakaguna, wengine kwa huruma, wengine kwa kutosadiki.

Shemeji akasema, "Basi fundi yupo hapa. Aulizwe paa linavuja wapi."

Watu wakachangamka, jaribio lile walilipenda. Mwenyekiti akamgeukia Balozi kumpa ruhusa. Balozi akakataa.

"Jaribio hilo ni la mtu anayedai anakaa," akasema. "Huyu hajadai chochote. Mmemleta nyinyi."

Hilo lilinishangaza. Nilikaa pale nikijiuliza kwa nini asikubali, fundi akosee jibu, tuende zetu nyumbani. Nilimwona Balozi akivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena, na ule uzi ukamsumbua nyuma ya sikio.

Akaomba orodha yenyewe iletwe kutoka zahanati. Ikaletwa, na pini zake. Akamkabidhi mwenyekiti.

"Umesoma kaya ya binti huyu, Mwenyekiti. Soma na yako."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema haina haja.

"Soma, baba. Shauri ni la nyumba ya mtu."

Akasoma. Jina lake, la mkewe, la watoto, na la baba yake mzazi, ambaye sote tulimsalia na kumzika. Balozi akamwambia asome na kaya ya mama yake shemeji. Mwenyekiti akasoma, na tazama, shemeji mwenyewe yumo, anaishi kwa mama yake kitongojini kwetu, pamoja na mjomba wake aliyepotea baharini zamani.

"Kwa orodha hii," Balozi akamwambia shemeji, "wewe hujahamia Kilindoni. Unalala kwa mama yako, chandarua kimoja na marehemu mjomba wako. Na mkeo wa Kilindoni naye amekuandika kwake, nimeuliza. Sasa mtu anayelala nyumba mbili usiku mmoja anataka kumtoa nani?"

Watu walicheka mpaka wazee wakacheka. Kisha akasema lililobaki, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mwandiko ni wangu. Niliandika watu wasiokuwepo, nikijua hawapo. Orodha hii si ya kuaminiwa. Yaandikeni hayo, na jina langu chini."

Mwenyekiti, ambaye baba yake alikuwa bado mikononi mwake kwenye karatasi, hakutaka kuendelea hata kidogo. Akasema baraza halina swali jingine. Shati lilikuwa shati tu, na spana ni za fundi anayekula pale kama wenzake. Shauri likaondolewa. Dada akarudi nyumbani kwake, nami nikalia njia nzima kwa furaha.

Furaha hiyo Balozi aliilipia. Habari zilifika kwa watu wa afya, wakaja kuandika upya, na safari iliyofuata vyandarua vikapungua. Watu waliofufua wazazi wao wakawa wakali kwa aliyewatobolea siri. Walisema amekuwa mzee, amekuwa mwongo, amekiri mwenyewe. Ulipofika wakati wa kuchagua, wakamchagua mwingine, kijana anayeandika kwenye simu. Balozi alikabidhi daftari lake. Nilimwona siku ile akipita njiani asubuhi kwa mazoea, akafika mlango wa kwanza, akasimama, akageuka akarudi kwake. Iliniuma, na sikumfuata, na sijui kwa nini sikumfuata.

Shemeji alichoka na safari. Mwishowe akaandikisha nyumba kwa majina ya watoto, mambo yakaisha. Mwaka uliofuata dada na yule fundi wakafunga ndoa, msikitini, mchana kweupe, tukala pilau. Nakumbuka nilishangaa jinsi walivyozoeana upesi. Siku ya pili tu fundi alikuwa akimkumbusha dada mahali alipoweka kisu. Nikasema moyoni, ndoa hii changa ina mazoea makongwe, kisha nikaendelea na pilau yangu.

Mwaka jana nilikwenda Kilindoni, nikasikia Balozi yuko kwa binti yake, macho yamepofuka. Sasa hakuna anayemwita Balozi, lakini mimi sina jina jingine la kumwita. Nikachukua pweza mkavu nikaenda baada ya alasiri. Nilimkuta ameketi juu ya jamvi, uso ameuelekeza barabarani.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Mwenye maswali."

Tukaongea ya nyumbani. Akaniuliza wote, nyumba moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule wa njia yake ya asubuhi. Alipofika kwa dada nikamwambia wamepata mtoto, na fundi amejenga banda la mashine. Akatabasamu.

"Yule ana adabu," akasema. "Alikuja kwangu msimu ule wa kwanza wa dago, kesho yake baada ya kuhamia. Akapiga hodi. 'Shikamoo Balozi, mimi mtu wa Kilwa, tangu jana nakaa kwa fulani. Najua sheria ya hapa ni kujitambulisha.' Akanipa na kitambulisho."

Nilihesabu misimu kwa vidole ndani ya kanga, na kila nilivyohesabu ilikuwa kabla ya vyandarua, mbali kabla ya baraza.

"Balozi. Alikuwa akikaa kweli?"

"Sikukuambia mtu anakaa wapi? Kipupwe kile aliugua wiki mbili. Kwao hakupelekwa. Dada yako alimuuguza, mimi nilipeleka uji."

"Na lile jina la tano?"

"Dada yako hakulitaja. Alitaja wanne. Mimi niliongeza wa tano, kwa sababu yupo. Nilikuwa nimeandika watu wa uongo siku nzima, moyo ukanisuta, nikasema angalau huyu aliyekuja mwenyewe kujisema nisimwache." Akapangusa macho yasiyoona. "Mkono wangu ndio uliomponza. Hata paa, angeulizwa angejibu. Ameliezeka yeye."

Nilimuuliza angefanyaje kama mwenyekiti angemuuliza waziwazi, anakaa au hakai.

"Ningesema anakaa. Nilikuwa nalo jibu mdomoni, mwanangu, na nyumba ya dada yako imo ndani yake. Nilikaa pale nikimwomba Mungu wale wazee waone haya."

"Lakini ulisema orodha si ya kuaminiwa. Ukalivunja jina lako mwenyewe."

"Si ilikuwa kweli?" akasema. "Isipokuwa jina moja tu, lile walilowekea kidole."